Mwanamisi wa Jezi za Kijani

Da Mishi,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia, tangu tukiwa wadogo kule Ukunda, kwamba mtu mwenye hasira asishike kalamu, angoje apoe kwanza. Nimengoja miezi mitatu. Sijapoa, na nimeona nikizidi kungoja nitaanza kusahau mambo. Kwa hiyo naandika hivihivi.

Alhamisi iliyopita timu yako ilicheza fainali. Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini nataka kwanza niandike yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu ulipokufa walijitokeza watu wawili, mmoja huko Jeddah na mmoja hapa Riyadh, na kila mmoja kwa njia yake akataka ionekane kwamba hukuwepo. Madam wako, uliyemfanyia kazi za nyumbani Jeddah, alisema hukusema. Mhandisi Duncan alisema hukucheza. Mimi nilikusikia ukisema na nilikuona ukicheza. Sitaki mambo haya yabaki kichwani mwangu peke yake.

Unakumbuka ulivyocheka siku nilipokwambia habari ya ile ligi? Nilikuwa nimemaliza mwaka wangu wa kwanza kwenye ofisi hii ya Al-Murabba, nikitengeneza kompyuta za wahandisi, na Duncan, mhandisi mkuu, akaniuliza kama nataka kuingia mchezo wao. Nikakutumia ujumbe wa sauti kukueleza. Ni hoki ya barafu, nikasema. Watu wanateleza juu ya barafu kwa viatu vya chuma, wanapiga kisahani cheusi cha mpira kwa magongo. Ila hakuna anayeteleza. Kuna programu ya kompyuta iliyowekewa rekodi za wachezaji wote wa msimu mmoja wa zamani, msimu uliochezwa kweli kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Programu inauchezesha upya ule msimu, mechi moja moja. Sisi ni mameneja. Kila mmoja ana timu yake, anachagua nani acheze, nani akae benchi, nani alinde lango, kisha programu inacheza na kutuandikia yaliyotokea.

Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukaniuliza wale wachezaji wenyewe wako wapi sasa. Nikasema wengi wamekufa. Ukasema, "Basi na mimi nitafutie timu."

Ilikuwa imebaki moja tu, ile ya jezi za kijani. Hakuna aliyeitaka. Katika msimu wa kweli ilikuwa ya mwisho, na baadaye ikavunjwa kabisa. Nikakwambia hiyo ni mbovu, ungoje msimu mwingine. Ukasema hiyohiyo.

Wewe kati yetu sote ndiye uliyekuwa karibu na barafu. Wenzangu hapa walikuwa wakijisifu kwa kusoma vitabu vya takwimu, lakini wewe ulikuwa ukipelekwa mol na watoto wa madam, ukiketi kando ya uwanja wa barafu na mabegi yao mapajani, saa mbili nzima. Uliniambia kwamba barafu huchubuka haraka, na kwamba kuna gari hupita kuilainisha. "Kumbe hata barafu hupigwa deki, Baka," ulisema, na sauti yako ilikuwa ya furaha kabisa.

Tulivyokuwa tukifanya ni hivi, na nayaandika kwa makusudi. Kila Jumapili nilikuwa nakutumia majina na rekodi. Ulikuwa ukiyanakili kwenye daftari la shule ulilolinunua mtaani kwenu Aziziya, kwenye duka la pembeni mwa nyumba yenu. Alasiri, ukipiga pasi, ulikuwa unalitandaza mwisho wa meza na kufikiri. Jumatano ulinitumia kikosi chako kwa sauti, na mimi nikakiandika na kukipeleka kwa Duncan. Kilipita mikononi mwangu kwa sababu kwenye ile nyumba hukuwa na nafasi ya kushika simu zaidi ya dakika tano. Mikono tu ndiyo ilikuwa yangu.

Wiki za mwanzo ulipigwa vibaya. Kwenye kundi letu walikutania, wakaiita timu yako chakula cha wengine. Halafu siku moja ukanitumia kikosi, na golini hukumweka kipa wako mzuri bali yule wa pili, mtu aliyefungwa na kila mtu. Nikakutumia sauti palepale. Nikakuuliza umechanganya majina? Ukanijibu kwa sauti kwamba hukuchanganya kitu.

"Huyu mzuri amecheza mechi tisa mfululizo. Tangu ya sita anafungwa mabao ya ovyo. Amechoka."

Nikasema lakini yule mwingine ni mbovu.

"Ni mbovu, lakini amelala."

Ulishinda. Wiki iliyofuata ukampumzisha mshambuliaji wako bora, ukashinda tena. Ndipo nilipokwenda kusoma maelezo ya programu, kurasa ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezifungua, nikakuta imeandikwa: kila mchezaji anahesabiwa uchovu. Mhandisi mkuu hakuligundua hilo, na mimi fundi wa kompyuta sikuligundua. Wewe uliligundua kwa kusikiliza matokeo huku unakunja mashuka, kwa sababu uchovu uliujua unavyoanza, kwanza unaingia mkononi kabla mwenyewe hajakubali kwamba amechoka.

Ukapanda. Kutoka mwisho ukafika katikati, kutoka katikati ukaingia nusu fainali, na huko ukakutana na timu ya Duncan mwenyewe. Ulimpiga mechi nne kwa mbili. Siku hiyo nilizunguka ofisini kama mtu aliyepata mtoto. Duncan alinipa mkono na kusema, "Mpe hongera dada yako." Kumbuka maneno hayo, Da Mishi. Alisema dada yako.

Sasa nafika kwenye wiki yako ya mwisho.

Ulinitumia ujumbe kwamba mguu wa kushoto umevimba, na kwamba umemwambia madam. Siku mbili baadaye ukasema unapanda ngazi za kwenda darini kuanika nguo ukiwa huna pumzi, na kwamba umemwambia tena. Mara ya tatu ilikuwa Jumatano. Ulinitumia kikosi cha fainali, na mwishoni ukaongeza kwa sauti ya chini: "Nimemwambia tena leo anipeleke hospitali. Amesema baada ya wageni, halas, basi, tutakwenda." Kulikuwa na posa ya binti yao na nyumba ilikuwa inajaa watu. Ulikuwa umefua mapazia ya vyumba vyote.

Na mimi nilikujibu nini? Ujumbe wangu bado ninao. Nilikuuliza una hakika unataka kipa wa pili kwenye fainali. Hilo ndilo lililotangulia. Mguu nilikuja kuuliza baadaye, chini, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Hasira yangu haiwahusu wengine tu.

Nilimpigia kafili wako, mdhamini wako na baba wa nyumba. Alinijibu kwa upole, inshallah kesho, dereva yupo. Kesho yake adhuhuri ukaanguka darini ukianika mashuka ya wageni.

Njeri ndiye aliyekuona. Yule Njeri wa Nakuru, anayefanya kazi nyumba ya pili, mliyekuwa mkisalimiana dari kwa dari. Alishuka, akavuka barabara bila ruhusa, akagonga mlango wenu. Alinieleza huku analia kwa hasira: "Niliwaambia ako chini na hapumui poa. Wakaniambia ningoje driver atoke msikitini. Nikawaambia kuna ambulance, waite ambulance. Madam akaniambia, yalla, rudi kwenu." Waliita mwishowe. Daktari aliandika kwamba damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Nilimuuliza kama ungeletwa siku tatu kabla ingekuwaje. Akaangalia karatasi zake.

Makaratasi yalichukua siku sita, ya ubalozi, ya polisi, ya ikama yako, kile kibali cha kuishi, ambayo hawakuiona mara moja. Ulizikwa Jeddah baada ya sala ya alasiri. Nilitaka nikurudishe nyumbani, lakini Mama akasema ardhi hii ni njema, uachwe. Tulikuwa wanaume kumi na watatu. Wengi walikuwa vibarua kutoka mtaa wa Karantina, Wasomali na Wahausa, ambao hawakukujua. Walisikia msikitini kwamba kuna mwanamke mgeni anazikwa, wakaja na nguo zao za kazi. Kafili wako alimtuma dereva. Njeri alibaki nje ya ukuta, akiwa amejifunika mtandio aliouazima, akaimba wimbo wa kanisani kwao kwa sauti ndogo. Naamini hukuchukia.

Kaburi lako lina jiwe lisilo na jina. Makaburi yote pale ni hivyo, ya matajiri na ya maskini, na hilo sikulionea uchungu. Palikuwa na haki. Mahali pale ndipo pekee katika mji ule ulipofanywa sawa na wengine.

Siku ya pili nilikwenda Aziziya kuchukua vitu vyako. Madam alikuja mlangoni mwenyewe. Alikuwa amelia, sitamsingizia. Lakini kabla sijasema neno, alisema, "Hakusema anaumwa. Wallahi, angesema tungempeleka." Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba ulisema mara tatu. Akasema mafi, hapana, labda hukueleweka. Da Mishi, ulikaa nyumba ile miaka sita. Kiarabu chako kilimtosha alipotaka supu isiyo na chumvi kwa ajili ya mama yake, kilimtosha kuwafundisha watoto wake sala, lakini neno mguu na neno hospitali ndiyo hayakueleweka. Mume wake alisimama nyuma yake akiangalia sakafu. Alinikabidhi mkoba wako na simu yako. Simu ilikuwa imefutwa kila kitu, safi kama imetoka dukani leo. Waliofuta walisahau kwamba ujumbe wa sauti huwa na upande wa pili.

Daftari nililikuta chini kabisa ya mkoba, katikati ya kanga.

Nilirudi Riyadh. Nilifikiri angalau huku nitapumua. Siku ya kwanza kazini nikakuta barua ya Duncan kwa mameneja wote. Ameandika kwamba kwa masikitiko meneja wa timu ya kijani hataendelea, na kwamba, tena aliweka kama kitu kidogo tu, meneja huyo hakuwahi kuthibitishwa kuwa mtu tofauti na ndugu yake Bakari, ambaye alikuwa na timu nyingine katika ligi hiyohiyo. Kwa hiyo matokeo yote ya timu ya kijani yafutwe. Na kwa kuwa yamefutwa, aliyeshindwa nusu fainali apande fainali. Aliyeshindwa nusu fainali ni nani? Ni yeye. Mtu aliyenipa mkono akasema mpe hongera dada yako.

Nilisimama kwenye chumba cha mitambo ya kompyuta, nikaona kama ukuta unanisogelea. Nilijua ni mchezo. Nilijua kuna watu wataona nimerukwa na akili, dada yangu kafa na mimi nagombania hoki ya barafu. Lakini niambie, kati ya vitu vyote ulivyofanya katika nchi hii, nguo ulizofua, watoto uliolea, sakafu ulizopiga deki, ni kipi kilichoandikwa jina lako? Kimoja tu. Jedwali la ligi ya kuigiza. Na hilo nalo akalitaka.

Niliomba kikao. Tulikutana saa ya chakula cha mchana kwenye chumba cha mikutano, wanane mezani, watatu kwenye skrini kutoka Jeddah na Dammam. Nilieleza. Duncan akasikiliza kwa adabu, akasema ananipa pole, kisha akasema maneno ambayo siyasahau: "Lakini tuwe wakweli, Bakari. Mfanyakazi wa ndani angejuaje kuzungusha makipa?"

Sikumtukana. Wewe ulinilea, nisingeweza. Nililiweka daftari mezani, nikafungua simu, nikaweka zile jumbe zako za kipa. Sauti yako ikajaa kile chumba, na pasi inasikika ikifuka nyuma. Aliyetafsiri ni Bwana Mushi, mhasibu Mtanzania kutoka Moshi, mzee wa kanisa, mtu anayefunga vifungo vyote vya shati hata siku za joto. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa akikungoja kwenye fainali. Alitafsiri sentensi kwa sentensi bila kuongeza kitu. Alipofika kwenye lile la ni mbovu lakini amelala, alicheka ghafla, halafu akavua miwani na kujifuta macho.

Niliweka ujumbe mwingine, na mwingine. Wa mwisho ulikuwa ule wa Jumatano, wa kikosi cha fainali, na sikuukata ulipofika mwishoni. Mushi aliutafsiri wote, mpaka hospitali, mpaka baada ya wageni. Hakuna aliyegusa chakula chake.

Kisha Mushi akafunga daftari lako taratibu na kumgeukia Duncan. "Mimi fainali yangu nitacheza na Bi Mwanamisi," alisema. "Kama si yeye, andikeni kwamba sikucheza na mtu." Mmoja baada ya mwingine wakasema hata wao watajitoa. Duncan akarudisha matokeo siku hiyohiyo. Alikuja mezani kwangu akasema samahani kama ameniudhi. Mimi. Alisema kama ameniudhi mimi. Wewe hakukutaja, na nilimwambia hivyo mbele ya mkuu wa kitengo chake, na sasa hatusalimiani kwenye lifti. Na iwe hivyo.

Kulikuwa na mzozo mwingine wa wiki kadhaa, kama mtu aliyekufa anaweza kuwa na timu, kama mimi nichukue nafasi yako. Nilikataa. Nikasema kikosi alishakitaja, kichezwe kama alivyokitaja. Wakasema fainali ingekuwa mechi moja, basi. Mmoja wao akanishauri kwa nia njema nimbadilishe angalau kipa. Sikubadilisha hata jina moja.

Alhamisi tukaiwasha. Mushi aliketi kando yangu, tukasoma mistari ikishuka kwenye skrini. Ulitangulia. Akasawazisha. Ukatangulia tena, na yule kipa wako wa pili alizuia mashuti ambayo hata Mushi alikuwa akitikisa kichwa. Walisawazisha dakika za mwisho kabisa. Katika muda wa nyongeza mtu wako alitolewa dakika mbili kwa kumkwatua mwenzake, na Mushi akafunga. Tatu kwa mbili.

Ulishindwa, Da Mishi. Sitakudanganya, hata kama nilitamani sana nikuandikie jingine. Mushi hakushangilia. Alisoma mstari wa mwisho, akasema, "Nimebahatika tu." Kisha akasimama akanipa mkono kwa mikono miwili.

Kwenye jedwali, timu ambayo katika historia ya kweli ilikuwa ya mwisho, sasa iko ya pili. Mbele yake walikuwa wameandika Mishi. Nikawaambia haitoshi. Sasa imeandikwa Mwanamisi Juma Mwachirima, majina yote matatu, na binti yako Zuena ameichapisha picha ya jedwali hilo na kuibandika kwa ndani ya mlango wa kabati lake. Amenipigia kuniuliza maswali mengi kuhusu makipa. Ana miaka kumi na minne na anabishana kama wewe.

Jambo moja linanichoma mpaka leo. Programu ya kompyuta iliyotengenezwa na watu wasiokujua inahesabu uchovu wa wanaume waliokwisha kufa, mechi kwa mechi, ili wasionewe. Nyumba uliyoishi miaka sita haikukuhesabia hata siku moja.

Mama amesema tusamehe, tuyaachilie. Nampenda Mama, lakini katika hili sitamtii. Nimepeleka malalamiko ofisi ya kazi Jeddah, na nakala ubalozini. Jumbe zako tatu nimezipeleka na tafsiri yake, imepigwa muhuri. Njeri amekubali kutoa ushahidi. Alipomwambia madam wake, alifukuzwa kabla ya jua kuzama, na sasa yuko kwa kafili mwingine mtaa mwingine, lakini hajabadilisha neno. Niliomba asijiponze. Akaniambia, "Mishi angenifanyia."

Tumeitwa Jumapili ya wiki ijayo. Wao wataleta wakili, na najua atakalosema, kwamba hakuna aliyesikia kitu. Huenda tusipate chochote. Naahidi nitakuwa pale, nitaketi mstari wa mbele, nitataja jina lako lote kwa sauti ya kusikika, na nitasema ulisema lini, mara ngapi na kwa nani. Wakitufukuza, nitakata rufaa. Wakifunga faili, nitaomba lifunguliwe. Zuena akikua akaniuliza, nitakuwa na la kumjibu bila kuinamisha uso.

Kwaheri, dada yangu. Mungu akupokee vizuri kuliko ulivyopokelewa hapa.

Nduguyo,
Bakari
Riyadh